Siku tatu Mombasa: anzia kwenye mbaazi

Ndugu, umesema una siku tatu Mombasa na chipsi za hotelini zimekuchosha. Asubuhi ingia Mji wa Kale kabla ya saa tatu, ule mahamri na mbaazi za nazi. Ukichelewa utakuta sufuria inakwanguliwa. Kijiko cha nini? Hamri unalipasua, unachotea mbaazi.

Jioni tafuta viazi karai vinavyoepuliwa mbele ya macho yako, uombe ukwaju mwingi. Vilivyopoa viache, mie viliwahi kunilaza siku mbili. Kisha kahawa chungu na kashata.

Ikiwa ni Ramadhani, mchana vibanda vingi hufungwa, subiri magharibi. Na kama vyakula vya baharini vimewahi kukuvimbisha midomo, pweza usimguse kabla hujamwona daktari.