Kabla ya kusugua dawa, tazama ganzi iko kidole gani

Mkono ukifa ganzi, wengi wetu tunasema damu haitembei, tunachukua dawa ya kuchua na kusugua. Mimi ni fundi cherehani. Wa kwangu wa kulia ulianza kunisumbua msimu wa sare za shule, wakati mkasi hautoki mkononi, na nilikuwa naamka usiku nikiukung'uta. Kilichonisaidia kuliko dawa yoyote ya kuchua ni swali la mtaalamu wa fiziotherapia: "Ganzi iko kidole gani hasa?"

Mkono unategemea neva kubwa tatu, na kila moja ina eneo lake. Zinatokana na mizizi inayotoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini ya shingo na mwanzo wa kifua. Zinapita kwapani, kisha kila moja inashika njia yake, ikipeleka amri kwa misuli na kurudisha habari za mguso, joto na maumivu.

Iliyonisumbua mimi ni neva ya mediani. Inashuka hadi kwenye kifundo cha mkono na kupenya kwenye njia nyembamba: chini mifupa, juu utepe mgumu. Humo inabanana na kano tisa zinazokunja vidole. Sehemu hiyo ikivimba, neva ndiyo inayoumia, na ganzi inashika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ni nusu kwelikweli. Yule mtaalamu alinigusa kidole cha pete kwa ncha ya pamba: upande wa kidole cha kati nilihisi kwa mbali mno, upande wa kidole cha mwisho nikahisi sawasawa. Shida ya damu haiwezi kukigawa kidole kimoja katikati namna hiyo. Pale ndipo nilipoacha kuchua.

Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya pili ya kile cha pete, itazame neva ya ulna. Inapita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo inayokupiga shoti ukijigonga pale. Mwenye kuegemea kiwiko mezani kutwa, au kulala amekikunja, anaibana. Neva ya radiali imezunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, na ikiumia kifundo kinalegea, huwezi kukiinua. Wanaotembelea magongo waangalie sana hapa: uzito ubebwe na viganja, siyo kwapa.

Mimi nilipewa splinti (kifaa kigumu cha kushikilia kifundo) ya kuvaa usiku ili kifundo kikae kimenyooka, maana tukilala tunakikunja bila kujua. Nikanoa mkasi, nikainua meza ya kukatia, na nikaacha kukata vitambaa vingi kwa mfululizo. Ganzi ya usiku ilipungua taratibu. Kuna wanaohitaji sindano, au upasuaji wa kuukata ule utepe. Wajawazito hupata sana tatizo hili, na mara nyingi linapoa baada ya kujifungua. Ila ukiona vitu vinakudondoka, au nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua, nenda hospitali upesi. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi kama zamani.

Ganzi ya nyayo zote mbili inayopanda taratibu, pima sukari. Baka la ngozi lisilohisi kuguswa, nenda ukapimwe ukoma. Unatibika, na dawa zake ni za bure. Na ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili, mdomo ukienda upande au maneno yakigoma kutoka, hicho huenda ni kiharusi: tafuta usafiri wa hospitali dakika hiyo hiyo.