Kursa ya upande wa seva kwenye PostgreSQL: namna ya kuifungua, na gharama yake

Programu ya kusoma jedwali la malipo la hifadhidata ya PostgreSQL inaenda vizuri kwenye kompyuta ya majaribio, ambako kuna rekodi elfu kumi. Ikihamishiwa kwenye seva ya kazi yenye rekodi milioni 10, RAM inajaa na mfumo endeshi unaiua kabla haijachakata hata rekodi moja. Wengi hukimbilia kuongeza RAM. Kabla ya kutumia fedha, tazama draiva yako (maktaba inayounganisha programu na hifadhidata) inasomaje majibu.

Draiva ya psycopg2 ya Python, kama hukuiambia vingine, ikishatuma SELECT husubiri majibu yote yafike na kukaa kwenye kumbukumbu ya programu, ndipo ikuachie uanze kusoma. Kwa hiyo `fetchmany(1000)` haikuokoi: inakumegea rekodi elfu moja kutoka kwenye lundo ambalo limeshajaza kumbukumbu. Rekodi milioni 10 zenye baiti 200 kila moja ni gigabaiti 2 za data ghafi, na zikigeuzwa kuwa vitu vya Python huvimba zaidi ya hapo. Dawa ni kursa, yaani alama inayokumbuka umefikia wapi kwenye majibu, inayokaa kwenye seva, ambayo programu inaichotea fungu moja baada ya jingine.

Ianze kwa SQL tupu ndani ya psql (programu ya PostgreSQL ya kuandikia amri), uone mwendo wake bila draiva kuingilia:

```
BEGIN;
DECLARE soma_malipo NO SCROLL CURSOR FOR
  SELECT id, namba_ya_mteja, kiasi, tarehe
  FROM malipo WHERE tarehe >= '2024-01-01';
FETCH 5000 FROM soma_malipo;
FETCH 5000 FROM soma_malipo;
CLOSE soma_malipo;
COMMIT;
```

Rudia FETCH hadi ilete rekodi sifuri. Bila BEGIN, PostgreSQL inakataa DECLARE kwa sababu kursa ya kawaida huishi ndani ya muamala (kundi la amri kati ya BEGIN na COMMIT) na kufa nao. NO SCROLL maana yake hutarudi nyuma. Iandike kila unaposoma kwenda mbele tu, kwani kursa ya SCROLL kwa baadhi ya maswali (amri za SELECT) huilazimu seva kuhifadhi rekodi zilizokwisha kupita. Tena ipe kursa jina linaloeleza kazi yake. Msimamizi wa hifadhidata akitazama `pg_stat_activity`, orodha ya vikao vilivyopo kwenye seva, saa nane usiku ataona `FETCH FORWARD 5000 FROM "soma_malipo"` na kujua ni kazi ya nani. Jina kama `c1` halimwambii chochote.

Kwenye psycopg2, kursa ikipewa jina inakuwa ya upande wa seva:

```
with conn.cursor(name="soma_malipo") as kursa:
    kursa.itersize = 5000
    kursa.execute("SELECT id, kiasi FROM malipo WHERE tarehe >= %s", (mwanzo,))
    for rekodi in kursa:
        chakata(rekodi)
conn.commit()
```

Mambo matatu hapo huwasumbua watu. Kursa yenye jina inakubali `execute` mara moja tu. Swali jingine linataka kursa nyingine. `kursa.description` ni None mpaka fungu la kwanza lifike, kwa hiyo msimbo unaosoma majina ya safu wima mara tu baada ya `execute` utaanguka. Na `itersize` inafanya kazi kwenye kitanzi cha `for` peke yake. Ukiita `fetchone()`, kila rekodi ni safari yake ya kwenda na kurudi kwenye seva. Kwa mtandao wa milisekunde 1, rekodi milioni 10 ni sekunde 10,000 za kusubiri, karibu saa tatu, bila kuhesabu kazi yenyewe.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayochagua ukubwa wa fungu. Thamani ya kawaida ya `itersize` ni 2000 kwenye psycopg2 na 100 kwenye psycopg 3, hivyo anayehama toleo bila kuliangalia hili anaweza kuona kazi yake ikizorota bila kujua kwa nini. Tuseme programu iko mbali na seva na kila safari inachukua milisekunde 40. Kwa mafungu ya 100, rekodi milioni 10 zinahitaji safari 100,000, yaani zaidi ya saa moja ya kusubiri. Kwa 2000 ni safari 5000, sekunde 200. Kwa 20,000 ni safari 500, sekunde 20. Kupita hapo faida inakuwa ndogo huku kumbukumbu inaendelea kuliwa. Zidisha ukubwa wa rekodi kwa idadi ya fungu: fungu la rekodi 5000 za nusu kilobaiti ni takriban megabaiti 2.5, halina tatizo. Ila rekodi zikibeba JSON ya kilobaiti 200, fungu hilohilo ni karibu gigabaiti 1, na umerudi kwenye shida uliyoikimbia. Kwa data nyembamba mimi huanzia 5000. Kwa nzito, 100 au chini ya hapo.

Sasa gharama, na hapa ndipo ningependa usome polepole. Kursa inapunguza mzigo wa kumbukumbu kwenye programu, lakini inaacha muamala wazi kwenye seva kwa muda wote unaosoma. Ukichakata kila rekodi kwa kuita huduma ya nje inayochukua nusu sekunde, rekodi 100,000 ni karibu saa 14 za muamala mmoja. Muda wote huo VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, haiwezi kuondoa rekodi mfu (matoleo ya zamani ya rekodi zilizofutwa au kusasishwa) ambazo taswira ya kursa yako, yaani data kama ilivyokuwa ilipofunguliwa, bado inaweza kuhitaji kuziona, na si kwenye jedwali unalosoma tu, bali kwenye majedwali yote ya hifadhidata hiyo. Jedwali linalosasishwa kila sekunde, kama la salio au la foleni ya kazi, linavimba, faharasa (index) zake zinavimba, na maswali ya watu wasiohusika kabisa na kazi yako yanapungua kasi.

Kuna na kufuli. SELECT yako imeshika kufuli jepesi la ACCESS SHARE mpaka muamala uishe. Jepesi kweli, halizuii wasomaji wala waandishi. Lakini mwenzako akiendesha ALTER TABLE kubadilisha muundo wa jedwali, anataka ACCESS EXCLUSIVE, kufuli linalozuia wote, na atakungoja. Wakati anangoja, kila swali jipya kwenye jedwali hilo linapanga foleni nyuma yake, hata SELECT ya kawaida. Kwa watumiaji mfumo umesimama, na chanzo ni ripoti iliyoachwa ikisoma pembeni. Anayebadilisha jedwali aweke `SET lock_timeout = '3s'` kwanza ili akikosa nafasi aondoke kwenye foleni; anayefungua kursa ajitahidi aifunge mapema.

Kuitafuta miamala ya namna hii:

```
SELECT pid, xact_start, state, backend_xmin, query
FROM pg_stat_activity
WHERE xact_start < now() - interval '10 minutes'
ORDER BY xact_start;
```

Usiitegemee `pg_cursors` kwa kazi hiyo, kwa kuwa inaonyesha kursa za kikao chako tu. Mpangilio wa `idle_in_transaction_session_timeout`, ambao kwa kawaida umezimwa, utakata kikao kinachokaa kimya kati ya FETCH mbili. Ni kinga nzuri, uiweke, mradi muda wake uzidi muda wa kuchakata fungu moja. Ukiweka dakika 1 na fungu linachukua dakika 2, kursa yako itakatwa kila mara.

Kosa linaloonekana zaidi ni kufanya `conn.commit()` ndani ya kitanzi, kwa sababu mtu anasasisha rekodi huku anasoma na anataka kuhifadhi kila baada ya 5000. Commit inaua kursa, na psycopg2 inalalamika `named cursor isn't valid anymore`. Suluhisho rahisi ni miunganisho miwili: mmoja unasoma kwa kursa, wa pili unaandika na kufanya commit upendavyo. Kursa haitayaona mabadiliko hayo, maana inasoma data kama ilivyokuwa ilipofunguliwa. Kwa kazi nyingi hilo ndilo unalolitaka.

Njia nyingine ni WITH HOLD, kwenye psycopg2 `conn.cursor(name="soma_malipo", withhold=True)`. Kursa hiyo inabaki hai baada ya commit. Lakini fahamu inavyobaki hai: wakati wa commit, seva inalitekeleza swali lote mpaka mwisho na kuweka majibu pembeni, kwenye kumbukumbu au kwenye faili la muda yakiwa makubwa. Kwa hiyo commit yenyewe inaweza kuchukua dakika kadhaa na diski ikajaa. Faida ni kwamba baada ya hapo taswira na kufuli vinaachiwa. Haifanyi kazi na FOR UPDATE (SELECT inayofunga rekodi ili zisasishwe), na usipoifunga inabaki mpaka kikao kiishe. Kwenye miunganisho inayotumika tena na tena, hilo ni faili la muda linalokaa siku nzima bila mwenyewe.

Uchakataji ukiwa wa polepole, ushauri wangu ni kuacha kursa kabisa na kusoma kwa ufunguo:

```
SELECT id, kiasi FROM malipo
WHERE id > %s ORDER BY id LIMIT 5000;
```

Unakumbuka `id` ya mwisho, unafunga muamala, unachakata, unaendelea. Kila muamala ni wa sekunde chache, na programu ikianguka katikati unajua pa kuanzia, jambo ambalo kursa haikupi. Unachopoteza ni taswira moja: rekodi iliyobadilika kati ya fungu na fungu utaiona ilivyobadilika. Usitumie OFFSET hapo, kwa kuwa seva inazihesabu upya rekodi zote ulizokwisha kuziruka. Na kama lengo ni kutoa data kwenye faili tu, `\copy (SELECT ...) TO 'malipo.csv' CSV HEADER` ina kasi kuliko vyote hivi.

Swali linaweza pia kuwa na kasi likiendeshwa peke yake, kisha likawa zito ndani ya kursa. Mara nyingi ni `cursor_tuple_fraction`. Thamani yake ya kawaida ni 0.1, maana yake PostgreSQL inapopanga utekelezaji inadhani utasoma asilimia 10 tu ya majibu, hivyo inapendelea njia inayoleta rekodi za kwanza haraka hata kama jumla yake ni ghali. Ukijua utasoma zote, andika `SET LOCAL cursor_tuple_fraction = 1.0` kabla ya DECLARE. Thibitisha kwa `EXPLAIN DECLARE soma_malipo CURSOR FOR SELECT ...`, ambayo inaonyesha mpango wa kursa yenyewe. EXPLAIN ya SELECT tupu inaweza kukuonyesha mpango mwingine kabisa. Hali kadhalika, kursa ya DECLARE haitumii utekelezaji sambamba, kwa hiyo swali la majumlisho lililokuwa likigawanywa kwa michakato minne litaendeshwa na mmoja.

Ukisoma kutoka seva nakala (inayonakili mabadiliko ya seva kuu), kursa ndefu inaweza kukatwa kwa ujumbe `canceling statement due to conflict with recovery`. `max_standby_streaming_delay`, muda ambao seva nakala inavumilia kabla ya kukata, kwa kawaida ni sekunde 30. Kuwasha `hot_standby_feedback`, ili seva nakala iiarifu seva kuu rekodi inazozihitaji bado, kunazuia sehemu kubwa ya ukataji huo, ila uvimbe wa rekodi mfu unahamia seva kuu.

Wenye Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti): `iterator()` kwenye PostgreSQL inatumia kursa ya seva, na nje ya `atomic()`, yaani nje ya muamala, inatumia WITH HOLD. Ukiwa na PgBouncer, programu inayokaa mbele ya PostgreSQL na kugawa miunganisho, katika hali ya kugawa miunganisho kwa muamala, FETCH inaweza kuangukia muunganisho mwingine, na utaambiwa kursa yenye jina linaloanza na `_django_curs_` haipo. Funga usomaji ndani ya `transaction.atomic()`, au weka `DISABLE_SERVER_SIDE_CURSORS: True` ukikubali majibu yote yaje kwenye RAM.

Kwenye Java, `setFetchSize(5000)` peke yake haitoshi. Draiva ya PostgreSQL inaipuuza kimyakimya mpaka uite `setAutoCommit(false)` na ResultSet (kitu kinachobeba majibu) iwe TYPE_FORWARD_ONLY, yaani ya kwenda mbele tu. Kwa MySQL mambo ni tofauti: `SSCursor` ya PyMySQL, draiva ya Python ya MySQL, si kursa ya seva hasa, ni usomaji wa rekodi moja moja kadiri zinavyoletwa. Muunganisho huo hauwezi kutumika kwa swali jingine mpaka umalize kusoma, na ukichelewa kupokea, seva inaweza kuukata kwa `net_write_timeout`, ambayo kwa kawaida ni sekunde 60.