Nimeshatubu, mbona bado natoka kwa mlango wa pembeni?

Mleta mada, nakusalimu kwa jina la Bwana. Nimesoma uzi wako mara mbili pamoja na majibu yote. Umesema ulipata mtoto kabla ya ndoa ukiwa chuoni, kanisa likakutenga miezi sita, ukarudishwa kundini mbele ya waumini, na huu ni mwaka wa nne. Lakini ikifika Meza ya Bwana unambeba mtoto na kutoka nje kana kwamba analia, na mwenyewe amelala fofofo. Nilipofika hapo kwa mtoto aliyelala nikajua huyu dada ni wa kwetu. Mimi nilikuwa natoka na simu sikioni, simu ambayo hakuna aliyeipiga.

Wachangiaji wamekwambia ufunge siku tatu. Mmoja kasema huenda hukutubu kwa kumaanisha. Mwingine anataka usimame mbele utoe ushuhuda wote, "shetani aaibike". Huyu wa mwisho nitamrudia.

Mimi nauza dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Mwaka 2014 nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Tulikuwa tunachanga hela ya kinanda, mfuko ukafika shilingi 860,000, na zote ziko kwangu ndani. Kikaingia kipindi cha giza (kwa wasio wa huku: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika). Mwalo ukafurika dagaa, bei ikalala chini kabisa. Nikajiambia naizungusha hii hela siku nne tu, narudisha yote, na faida kidogo naitoa sadaka. Ndiyo, nilimhesabia na Mungu fungu lake. Nikanunua, nikaanika mchangani, na mvua ikanyesha usiku kucha na kutwa yake. Aliyewahi kuona dagaa wabichi wamelowa juu ya mchanga hahitaji kuelezwa. Siku ya tatu nilikuwa nawauza kwa wafuga kuku.

Nilificha miezi miwili. Hela ilipotakiwa nikasema ukweli, kwa kuwa sikuwa na uongo uliobaki. Nikaitwa kamatini, nikaitwa kwa mchungaji, jina langu likasomwa ibadani, nikawekwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa. Nililipa kwa miezi kumi na moja, leo elfu hamsini, mwezi ujao laki. Daftari ninalo hadi leo, kila mstari una sahihi ya mpokeaji. Nilipomaliza nikarudishwa kundini, watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga na vigelegele.

Nilidhani yameisha. Kumbe nilikuwa nimemaliza deni, na hili lingine, aibu, lilikuwa halijaguswa.

Mnajua ibada ikiisha tunavyopanga mstari mlangoni: wa kwanza anasimama, wa pili anampa mkono na kusimama pembeni yake, mpaka kila mtu amemshika kila mtu mkono. Mstari ule ndio ulinishinda. Nilianza kutokea mlango wa pembeni, ule wa upande wa vyoo. Kisha nikaanza kuchelewa ili nikae benchi la nyuma. Kisha simu. Mwishowe nikawa naenda kusali Ujiji ambako hawanijui, na huko nako mhubiri akitaja neno "mwaminifu" masikio yananiwaka moto.

Na niliomba sana. Nilitubu kosa lilelile labda mara mia. Wanaokuambia uongeze maombi sina ugomvi nao, ila ukishaona unatubu kitu ambacho kimeshasamehewa, jiulize kama ni toba au ni kitu kingine kimevaa nguo za toba.

Kiswahili chetu kinasaidia kidogo hapa. Haya na aibu si kitu kimoja. Haya mtu anakuwa nayo, na asiye nayo tunamkimbia. Aibu inampata mtu, inamwangukia kutoka nje, halafu ikikaa sana anadhani alizaliwa nayo. Na vyote viwili ni tofauti na hatia. Hatia ina kiasi: yangu ilikuwa 860,000 na iliisha. Aibu haina kiasi, ndiyo maana huwezi kuilipa kwa awamu. Wewe umelipa miezi sita ya kutengwa, na miaka minne umejitenga mwenyewe, na bado unaona salio.

Kuna kijana wa sauti ya nne aliwahi kunitania "Yuda" mbele ya wenzake. Nilicheka nao. Usiku nikafungua Mathayo 27, nikasoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Jamani, someni tena pale. Yuda naye alikuwa mweka hazina, Yohana anasema mfuko aliushika yeye. Alijuta. Alikiri kwa mdomo wake kwamba amekosa, ameisaliti damu isiyo na hatia. Na hela alirudisha, vipande vyote thelathini, bila kubakiza. Yaani kwa hesabu ya kamati yetu Yuda amemaliza masharti yote! Alichokosa ni mtu wa kumpokea. Wale makuhani walimjibu kwamba hayo yanawahusu nini, ayaangalie mwenyewe. Akatoka peke yake, akaenda akajitoa uhai.

(Kama kuna anayesoma hapa na anaifikiria njia hiyo ya Yuda, ndugu yangu, usilale nalo. Mwambie mtu leo, yeyote, na uende hospitali. Hilo si la kusubiri Jumapili.)

Petro alikana mara tatu, wala hatusomi popote kwamba alilipa chochote. Ila alirudi kwa wenzake. Siku ile ziwani alikuwa na watu sita kwenye chombo, wanavua usiku kucha na hawapati kitu, biashara ninayoijua. Alfajiri wakamkuta Bwana ufukweni amewasha moto wa makaa, na samaki juu yake. Mimi siku zangu zote zinapita kwenye moshi wa namna hiyo. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, ukiwekwa kwenye makaa harufu inaingia kwenye shati na haitoki hadi ufue mara mbili. Na moto wa makaa Yohana ameutaja mahali pengine mara moja tu, sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, pale Petro alipokuwa anaota moto huku anasema simjui. Mwenye kusoma anaelewa Petro alisikia harufu gani. Bwana hakumwambia tusahau yaliyopita. Alimrudisha kwenye moshi uleule, akampa kwanza kifungua kinywa, ndipo akamuuliza mara tatu. Na kila Petro akijibu, anapewa kazi: lisha, chunga, lisha.

Hili nisingelielewa kama si mama mmoja, mzee wa kanisa, mjane. Alinifuata mwaloni asubuhi nikiwa nageuza dagaa kwenye chanja (mchangani sianiki tena). Tukasalimiana kwa Kiha, zile salamu ndefu zetu. Nikasubiri aniulize kwa nini sionekani. Hakuuliza. Akapangusa ndoo iliyogeuzwa, akaketi, akafungua fundo la khanga, akaanza kuhesabu noti juu ya goti lake. Laki mbili na nusu.

"Baba, hii ni hela yangu ya bati. Kesho naenda Kasulu msibani. Niwekee mpaka Jumamosi."

"Mama, mimi?"

"Kwani nimekosea mtu?" Halafu akaniangalia usoni, akakaa ananiangalia hivyo hivyo, mimi nikawa natazama dagaa. "Yote nayajua. Nilikuwepo siku lile jina linasomwa. Hesabu mbele yangu."

Nikahesabu. Mikono inanuka samaki, noti zinanata. Nikakosea, nikaanza upya. Alipoondoka nilikaa kwenye ile ndoo nikalia kama mtoto, na vijana wa mwalo wakadhani nimefiwa. Siku zile nne sikulala vizuri, kila saa naangalia chini ya godoro. Jumamosi akaja, akachukua, wala hakuhesabu.

Tuelewane. Sisemi mwizi arudishiwe ufunguo wa kabati. Hela ya kanisa sijaishika tena na sitaki, na hilo halinidhalilishi, ni busara tu. Ile ilikuwa hela ya mama, kwa hiari ya mama. Ninachosema ni kwamba miaka miwili nilikuwa namwomba Mungu aniondolee aibu nikiwa chumbani peke yangu, mlango umefungwa, kumbe chakula cha aibu ni hicho hicho chumba. Ilipungua siku mtu anayejua kila kitu aliponitazama usoni na asiondoke.

Sasa huyu wa ushuhuda. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mlokole wa ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini kule Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya hadi huku Tanganyika. Wao walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Niliwakuta utotoni wamekaa kwenye mikeka sebuleni kwake: huyu anasema nimemsema jirani vibaya, yule anasema mimi nimekuonea wivu wewe hapo. Wote wanasema. Hakuna mtazamaji. Tunachofanya siku hizi mara nyingi ni kumvua mmoja nguo mbele ya mia tatu waliovaa suti, tukaita ushuhuda. Wewe dada ulishasimama mara moja, yatosha. Yeyote anayekulazimisha kusimama tena, muulize yeye atatoa la kwake lini.

Na kama kuna anayesoma akiwa na aibu ya jambo alilotendewa, labda utotoni, labda na mtu mzima aliyemwamini, basi hilo halina toba kabisa kwa upande wako. La kutubu ni lake yule.

Nije kwenye andiko lililokufungia. Umeandika unaogopa 1 Wakorintho 11, kula isivyostahili. Lisome kuanzia juu, mstari wa 20. Tatizo la Wakorintho lilikuwa watu wanakula na kulewa huku wengine wana njaa, na Paulo anawauliza kwa ukali kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Kuwatahayarisha! Andiko lililoandikwa kuwakaripia wanaowatia wenzao aibu, sisi tumeligeuza fimbo ya kumtoa nje mama na mtoto wake. Tena anaposema mtu ajihoji mwenyewe, hakuishia hapo. Ajihoji, "na hivyo aule mkate". Sijaona palipoandikwa ajihoji na hivyo akasimame chini ya mwembe.

Ningekuwa wewe nisingeanza na Meza. Ningeanza na mtu mmoja. Asiwe mwenye maneno, asiwe yule anayesema "nakuombea" akakutangaza kwenye vikundi vya WhatsApp. Tafuta mama mtu mzima aliyewahi kuanguka naye, wapo, utawajua kwa namna wasivyoshangaa. Mwambie hilo la mtoto aliyelala. Mwombe Jumapili ya ushirika akae benchi lako, upande wa njia, ili ukitaka kutoka ikubidi umruke magoti.

Hata mimi haijaisha yote. Mwezi uliopita mweka hazina mpya alisoma taarifa ya mapato, shingo ikaniingia mabegani yenyewe. Lakini nilikaa. Baada ya ibada nilisimama kwenye mstari, nikafika kwa yule kijana aliyeniita Yuda, sasa ana mke na mapacha. Alinishika mkono akaushikilia, akaniuliza dagaa sado inaenda bei gani.

Kama uko Kigoma mjini niandikie PM. Yule mama bado yupo, bati alishaezeka, na benchi lake lina nafasi.