Unaimba na kupiga tromboni? Kata neno la mwisho

Usile bukari, yaani ugali, kabla ya kupanda jukwaani. Mimi nilikula, tena na sombe (majani ya muhogo) na ndakala (dagaa), usiku mmoja kwenye baa ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, na kufika wimbo wa pili pumzi ilikuwa inaishia kooni. Siku hizi nakunywa chai saa kumi na moja. Bukari naukuta nyumbani.

Hilo la tumbo lina dawa. Gumu ni kutoka kwenye sauti kwenda kwenye chombo. Ukimaliza mstari wa wimbo mapafu yamebaki matupu, na tromboni inayataka yamejaa. Miaka mingi nilikuwa nalivuta neno la mwisho kwa madaha, kisha nanyakua chombo mbiombio, noti ya kwanza inatoka kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mpiga besi wetu, yaya mmoja (kaka mkubwa, kwa lugha yetu) asiye na maneno mengi, akanivuta pembeni: "Mdogo wangu, neno likate. Utuachie mezire mbili." Yaani kuhesabu nne mara mbili. Kinanda kinajaza pale, mimi navuta hewa, nalamba midomo, napandisha tromboni. Wasikilizaji wanadhani ni ufundi.

Novemba 1960, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, alikuja kupiga hapa, na mpiga tromboni wake, Trummy Young, naye alikuwa mwimbaji. Kwa hiyo wazee wakikuambia haya mambo mawili hayaendi pamoja, usibishane nao, endelea na mazoezi.

Midomo nayo huchoka. Ukipuliza solo ndefu inavimba kidogo, na herufi za p, b na m zinakuwa uji: "mapenzi" inatoka "mawenzi". Nyimbo zenye maneno mengi ziweke mapema, za kupuliza sana zije baadaye.

Kuhusu tuni, yaani noti ambayo wimbo unasimama juu yake, wapiga gitaa wanapenda Mi na La, tromboni inapenda Si bemoli na Mi bemoli (bemoli ni nusu hatua chini). Sisi tunaifuata sauti. Wimbo mmoja wa La tuliushusha hadi La bemoli kwa ajili ya koo langu, mpiga gitaa akanuna wiki nzima.

Juni na Julai, ukipiga uani usiku, jihadhari na baridi. Shaba ikipoa sauti inashuka, kinanda hakishuki, na anayeonekana hajui ni wewe. Kabla ya kila wimbo mimi napuliza hewa ya moto ndani ya chombo, bila sauti, mara tatu nne.

Halafu maikrofoni. Kulisi ya tromboni, lile bomba la kuvuta na kusukuma, ina nafasi saba, na ya saba ni mkono wote umenyooka. Kwenye harusi moja mtaa wa Kenya (Kenya ya hapa kwetu, si ile nchi) niliweka stendi mbele yangu kabisa kama waimbaji wengine. Nikaitafuta noti ya chini, kulisi ikagonga stendi, maikrofoni ikatua kwenye sahani ya mama mkwe wa bwana harusi. Tangu hapo natumia stendi yenye mkono, naiweka upande wa kushoto, kwenye mdomo mpana wa tromboni. Nikiimba nageuza kichwa tu. Nikipuliza narudi nyuma hatua moja, maana chombo kina kelele kuliko koo. Stendi ile ya harusini imepinda mpaka leo, na mwenye vyombo bado ananidai.