Trekta Linalima Vizuri, Lakini Linashindwa Kupukuchua

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima mahindi na karanga wilayani Urambo, mkoani Tabora, na ninatumia trekta la Massey Ferguson 135 ambalo marehemu baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika. Linalima na kuvuta tela bila shida. Tatizo limejitokeza msimu huu wa kupukuchua. Shafti ya PTO, yaani ile ya nyuma inayoendesha mashine, inazunguka vizuri mashine ikiwa tupu, lakini mahindi yakijaa mdomoni inapungua kasi na wakati mwingine inasimama kabisa, ilhali injini inaendelea kunguruma kama kawaida. Baada ya gunia la tatu au la nne nasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Nimeona pia kwamba mikono ya haidroliki, ile inayoinua jembe, inapanda kwa kusuasua. Fundi wa hapa ameshauri ninunue pampu mpya ya haidroliki pamoja na propela shafti mpya, yaani ile fimbo inayounganisha PTO na mashine. Nianze na kipi?
Msomaji, Urambo

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba usinunue kimojawapo kwa sasa. Dalili ulizozieleza, tena kwa uangalifu mkubwa, zinaelekea kwenye kifaa cha tatu ambacho fundi wako hakukitaja, nacho ni klachi ya PTO.

Trekta la MF 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lilitoka kiwandani kwa namna zaidi ya moja, na mengi yake yana klachi mbili ndani ya nyumba moja. Ukikanyaga pedeli nusu ya kwanza, unakata nguvu inayokwenda kwenye giaboksi na magurudumu. Ukiendelea kukanyaga hadi chini, unakata nguvu inayokwenda kwenye PTO. Kila klachi ina pleti yake, yaani sahani inayoshika na kupitisha nguvu, kwa hiyo moja inaweza kuchakaa na nyingine ikabaki nzima. Ndiyo maana trekta lako linavuta jembe bila kuteleza huku likishindwa mbele ya mahindi. Pampu ya haidroliki nayo haina njia yake ya pekee, kwa sababu imekaa katikati ya trekta na inazungushwa na mhimili uleule unaopeleka nguvu kwenye PTO. Klachi hiyo ikiteleza, shafti na pampu vinadhoofika kwa pamoja, na mtu asiyejua uhusiano huo ataona magonjwa mawili mahali penye ugonjwa mmoja.

Hata hivyo, dalili si uthibitisho. Anza na yale yasiyogharimu kitu. Kama mashine yako inatumia mikanda, ikague, kwa maana mkanda uliolegea nao huteleza na kunuka moto. Angalia pia kama propela shafti ina klachi yake ndogo ya usalama, ambayo springi zake zikichoka huteleza vivyo hivyo. Makosa haya mawili yako nje ya trekta na hayawezi kuidhoofisha mikono ya haidroliki, lakini ni aibu kulifungua trekta zima kwa sababu ya mkanda.

Kipimo cha kwanza kifanye ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva, wala usikifanye ukiwa umesimama nyuma. Wakati mashine imelemewa na shafti imepungua kasi, inua mikono ya haidroliki ikiwa mitupu. Ikipanda kwa kujivuta au ikisita, ujue nguvu inapotelea kabla ya kufika kwenye pampu, yaani kwenye klachi. Ikipanda haraka huku shafti ikiwa imesimama, kosa liko nyuma ya pampu, kwenye meno ya kiungio kinachosogezwa na wenzo wa PTO au kwenye shafti yenyewe. Tunasisitiza kwamba upime wakati wa mzigo, kwa kuwa kuinua mikono mitupu kunahitaji nguvu ndogo sana ikilinganishwa na kupukuchua, na hata klachi iliyo nusu mfu huweza kuiinua pale ambapo mashine haina kitu.

Kipimo cha pili kinafanyika injini ikiwa imezimwa. Vuta kizimio cha dizeli kibaki nje, chomoa ufunguo, weka gia huru, zuia magurudumu kwa magogo, kisha ingiza PTO. Pitisha bomba imara lenye urefu wa kama mita moja kwenye kichwa cha propela shafti ulichokitenganisha na mashine, na uzungushe kwa nguvu kuelekea mshale wa saa, ukiwa umetazama trekta kutoka nyuma. Mwenzako asimame mbele akiangalia feni. Klachi nzima itaigeuza injini, kwa hiyo mkanda wa feni na feni vitasogea pamoja na bomba lako, na utahisi mgandamizo wa silinda ukikusukuma mkono. Bomba likizunguka na feni ikatulia tuli, pleti inateleza. Ondoa bomba mara moja baada ya kupima. Bomba lililosahauliwa pale, injini ikawashwa, linaweza kuua.

Sasa ingia chini ya trekta ukiwa na tochi. Chini kabisa ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lililopitishwa kotapini, yaani pini nyembamba ya miguu miwili, ambayo huning'inia kwa kulegea ili tope lisizibe. Ichezeshe kwa kidole. Isipotikisika, tundu limeziba kwa vumbi na oili, na inawezekana kuna oili iliyokwama ndani ikizilowesha pleti. Tone likidondoka, lipokee kwenye kidole gumba na ulisugue. Oili nyeusi, nyepesi na yenye harufu ya injini inatoka kwenye sili (kizuizi cha oili) ya nyuma ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Iliyo nzito zaidi na yenye rangi ya asali inatoka upande wa giaboksi. Tofauti hiyo ni ya thamani kubwa, kwani mtu akibadilisha pleti na kuiacha sili inayovuja, atalifungua trekta tena msimu ujao.

Kuhusu kurekebisha pedeli peke yake, hatukupi matumaini makubwa. Pedeli isiyo na mchezo huanza kuiumiza klachi ya magurudumu, na yako ni nzima. Klachi ya PTO ina skrubu zake za kurekebishia ndani ya nyumba, na nafasi yake huwekwa kwa kufuata kitabu cha trekta. Lakini harufu ya kuungua uliyoisikia kwa siku kadhaa ina maana kwamba pleti imekwisha kupata joto, na pleti iliyoungua ikawa na uso unaong'aa kama kioo hairudi kushika kwa kukazwa skrubu.

Ikithibitika hivyo, itabidi trekta ligawanywe kati ya injini na giaboksi. Kazi hii ina hatari moja ambayo mafundi wengi wa vijijini huipuuza: injini imeegemea ekseli ya mbele kwa pini moja ya katikati, na nusu hiyo ikitengwa inaweza kulala upande. Pigilia kabari za mbao ngumu, kama mkurungu au mninga, kati ya ekseli na kishikizo cha injini pande zote mbili, na kila nusu iegemee stendi imara badala ya jeki peke yake. Ukishafungua, badilisha pleti zote mbili, rilizi beringi (ile inayosukuma klachi pedeli ikikanyagwa), beringi ndogo ya katikati ya flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hufungwa juu yake) na sili za pande zote mbili, hata zile zinazoonekana nzima. Flaiwili ikaguliwe uso wake. Gharama hiyo inauma, lakini gharama ya kufungua mara mbili inauma zaidi.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nasi hatuwezi kulinyamazia. Shafti ya PTO imekusudiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Propela yenye kipenyo cha sentimita 7 ikinasa nguo huizungushia karibu mita 2 kwa sekunde moja, kwa hiyo kanga nzima humalizika kabla mwenye nayo hajapiga kelele. Kwenye kupukuchua, akina mama na watoto huwa karibu wakizoa mahindi na kuondoa magunzi. Kama kifuniko cha shafti kimepotea, kitafute au uchongeshe kingine kwa bati kabla ya kununua pleti. Na shafti ikisimama kwa kuteleza, asiisogelee mtu kwa kudhani imekufa, maana mzigo ukipungua huanza tena bila taarifa.

SWALI: Nimenunua MF 135 kutoka kwa jirani. Nikiwasha PTO trekta likiwa limesimama, shafti haizunguki kabisa, lakini trekta likitembea inazunguka yenyewe. Ni gia gani imekatika?
Msomaji, Kaliua

JIBU: Huenda hakuna kilichokatika. Wenzo wa PTO wa matrekta mengi ya aina hii una nafasi tatu: huru katikati, upande mmoja shafti inafuata mwendo wa injini, na upande wa pili inafuata mwendo wa magurudumu. Wako uko upande wa magurudumu. Kanyaga klachi hadi chini, subiri gia zitulie, kisha upitishe wenzo katikati hadi upande mwingine. Ukikataa kuingia, usiulazimishe. Achia klachi kidogo na ujaribu tena. Usiuache wenzo kwenye nafasi ya magurudumu ukiwa umefunga mashine, kwa sababu ukirudi nyuma shafti nayo itageuka na kuizungusha mashine kinyume.