Mto ukija usiku, tumpigie nani?

SWALI: Habari yako mhariri. Mi naishi Ahero, karibu na mto Nyando, niko na watoto watatu na ng'ombe wawili. Kila masika maji yanaingia mpaka ndani, mara ya mwisho tulitoka saa nane usiku tumebeba magodoro kichwani. Chifu nikimuuliza anasema hiyo ni kazi ya kaunti, MCA, mwakilishi wetu kwa bunge la kaunti, naye ati ningoje serikali kuu. Sasa sisi ni wa nani? Na ng'ombe nifanye nao nini?
Mama wa Kano

JIBU: Pole sana mama. Ukweli ni kwamba wote wawili wanakuzungusha, juu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka mambo ya maafa kwa serikali kuu na kwa kaunti pia, kwa hivyo hakuna wa kunawa mikono hapo.

Chifu ni mtu wa serikali kuu, yuko chini ya DCC, yaani naibu kamishna wa kaunti. Kwake unaenda kudai baraza kabla mvua ianze, mwambie aseme mbele ya watu ni shule gani itafunguliwa usiku na ufunguo unakaa kwa nani (usicheke, watu wamenyeshewa nje ya geti ufunguo ukitafutwa). Boti, zimamoto, mitaro, hizo dai kaunti, anzia kwa wodi admin. MCA hana boti wala pesa mkononi, kazi yake ni kupitisha bajeti na kuuliza pesa ilienda wapi, na hapo ndipo umbane kabisa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuweka mfuko wa dharura, usipite asilimia 2 ya mapato yake. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, yaani wakati godoro lako bado limelowa ndio pesa ya mwaka ujao inapangwa, na wengi wetu hatuendi kwa hivyo vikao.

Usiku wenyewe usingoje mtu. Piga 999 au 112, Red Cross ni 1199, halafu toka. Kule Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalikuta watu wamelala na zaidi ya 40 wakafa. Na nyinyi wa Kano msiangalie mawingu ya Ahero pekee, Nyando inatoka juu huko Nandi na Kericho, kwenu kunaweza kuwa kukavu kabisa na mto uko njiani unakuja. Kama una shemeji au rafiki huko juu, mwambie akupigie mvua ikizidi, hata saa sita usiku.

Ng'ombe wahamishe mapema kwa jamaa aliye mwinuko. Ikishindikana, wafungulie. Ng'ombe anajua kuogelea, kamba ndio itamuua.