Kwa nini mabomba ya ekzosi ya gari la mashindano hupindapinda?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeona injini ya gari la mashindano ikiwa wazi. Kila silinda ina bomba lake refu la ekzosi, limepindapinda hadi linapokutana na mengine. Si bora yangekuwa mafupi na manyoofu ili moshi utoke haraka? Na nikiondoa sailensa kwenye gari langu la kawaida, nitaongeza nguvu?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Mapindo hayo yapo kwa sababu mabomba yote yanatakiwa kulingana urefu, na nafasi kando ya injini ni finyu. Bomba la silinda iliyo karibu na maungio huzungushwa ili lilingane na la silinda iliyo mbali.

Urefu wenyewe ndio siri. Valvu ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, gesi ikiwa bado na shinikizo kubwa. Gesi inapochomoka hutuma wimbi la shinikizo ndani ya bomba, nalo hukimbia kuliko gesi yenyewe. Katika hewa ya kawaida sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ndani ya moshi wa moto huvuka mita 500. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi kwenye silinda, safari hii likiwa na shinikizo la chini, linalovuta. Likiwahi kipindi kile kifupi ambapo valvu ya kutolea inakaribia kufunga na ya kuingizia imeanza kufunguka, huondoa moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya hata kabla pistoni haijashuka. Hiyo ni hewa ya ziada isiyohitaji pampu yoyote, na mimi naihesabu miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika ufundi wa injini.

Tupige hesabu. Tuseme wimbi liende na kurudi wakati kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka nyuzi 120. Kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, hizo ni milisekunde 2.2 hivi. Kwa mwendo wa mita 550 kwa sekunde, wimbi litapita mita 1.2, hivyo bomba liwe na sentimita 60 hivi. Kwa mizunguko 6,000 linatakiwa kufikia sentimita 92. Bomba fupi la mwendo wa juu, injini ikizunguka polepole, hurudisha wimbi mapema mno na nguvu hupungua.

Turbo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, hubadilisha mambo. Magari ya Formula 1 tangu 2014 hutumia injini za V6 (silinda sita) za lita 1.6 zenye turbo, na hapo kazi kubwa ya ekzosi ni kufikisha nishati ya moshi kwenye turbo hiyo.

Kuhusu sailensa yako: kama haijaziba, utapata kelele nyingi na ongezeko dogo sana la nguvu, kwa kuwa valvu na mabomba ya gari lako hayakupangiwa mchezo huo wa mawimbi. Na wanaosema injini huhitaji moshi uzuiwe kidogo wanakosea. Walichokiona ni bomba pana kupita kiasi, ambamo gesi hupoteza kasi.

Ukihisi gari limepoteza nguvu, mwambie fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), afunge geji ya shinikizo hapo na kukanyaga mafuta. Shinikizo likipanda sana, katalisti au sailensa imeziba, na hiyo ndiyo ya kubadilishwa.